Ng'ombe Anayevaliwa Mkononi

Jumatatu, 5 Machi 1979

Siku mbaya, ingawa ilianza vizuri. Nimepiga rimu asubuhi, ile ya gurudumu la lori inayoamsha kijiji, na watu wamekuja shamba la ujamaa wakiwa wameshiba, wamenawa, wengine wameota moto mpaka miguu imekauka. Wakanisifu! Walisema leo Anatoli umetuonea huruma. Nikatazama saa yangu: saa moja kamili. Nikatazama jua: limeshapita migomba ya mwenyekiti. Jua na saa havipatani. Nikaamua kuamini saa, maana jua halikutengenezwa Uswisi.

Ndipo akatokea Ndassa. Huyu ni Msukuma aliyehamia hapa Nyamigogo na ng'ombe wengi na redio moja ya bendi tatu. Jioni kijiji kizima kinakaa uani kwake kusikiliza habari za vita. Mimi nakaa mbele kabisa, kwa kuwa ugomvi wangu ni na Ndassa, redio haijanikosea. Leo akatangaza mbele ya wote kwamba redio yake imeshataja saa mbili, ndipo rimu ikalia. Akasema saa ya Anatoli ni nzuri sana, ila inapenda kulala. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, maana alilisema vizuri.

Mwenyekiti wetu, Mzee Xavery, hakucheka. Mwanawe Bartholomayo yuko vitani, na maharage ya shamba hili yanapelekwa huko. Akasema Bwana Shamba wa wilaya anakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuona kama tunaamka kwa wakati. Siku hiyo rimu isipolia sawasawa, Ndassa atakabidhiwa chuma cha kugongea, nami nitapewa jembe kama watu wengine.

Jembe! Tangu tuhamishiwe kijijini mwaka sabini na nne sijashika jembe. Mpiga rimu halimi. Ndiyo sheria, niliitunga mwenyewe mwishoni mwa mkutano mrefu, watu wakiwa na njaa. Nimetazama viganja vyangu kwenye mwanga wa koroboi. Laini kama vya askofu. Ni lazima viokolewe.

Jumanne, 6 Machi

Mama ameuliza ng'ombe wake anaendeleaje. Kwa Mama, saa hii ni ng'ombe, na hakosei. Emilian alipomwoa mdogo wangu Clotilda alileta ng'ombe wote wa mahari isipokuwa mmoja. Badala ya huyo mmoja akaleta saa, aliyopewa na Mbelgiji aliyekuwa akimwendeshea gari kule ng'ambo ya Rusumo. Wazee walikaa kikao. Wakaizungusha, wakaiweka sikioni mmoja baada ya mwingine, wakakubali kwamba inapumua na kwamba ni ng'ombe. Ikakabidhiwa kwangu niichunge.

Nikamwambia Mama kwamba ng'ombe anaumwa. Akasema basi mpeleke josho. Mama Nyirabahizi hajakaa darasani hata siku moja, lakini ona akili! Saa nayo inahitaji josho. Kesho kutwa nakwenda Biharamulo mjini.

Na hata josho likishindwa, sina hasara. Ng'ombe wa mahari akifa kabla hajamaliza mwaka, mwoaji analeta mwingine. Unamwonyesha ngozi tu, aione chapa yake, kisha analipa. Huyu wangu bado hajamaliza mwaka. Nikikosa huku, napata kule. Sijui kwa nini watu wengine hawakai chini wakafikiri.

Mke wangu Bonifasia anasema kuna njia fupi: nimuulize Ndassa saa kila asubuhi. Bonifasia ni mwanamke mwema. Hajui mambo ya ushindani.

Alhamisi, 8 Machi

Nimefika mjini kwa baiskeli ya katekista, nyuma nimefunga debe la maharage, chupa ya asali na jogoo. Shilingi siku hizi hazina mpenzi. Duka la ushirika lina chumvi, viberiti na rafu safi kabisa.

Fundi saa ni mama mmoja mnene, Adelfina, anayekaa barazani kwa fundi cherehani na kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, huku akimtukana mteja mwingine aliyeitia saa mafuta ya kupikia. Anajisifu waziwazi. Anasema kutoka Bukoba mpaka Kigoma hakuna mwenye vidole kama vyake, na marehemu mumewe, aliyekuwa fundi, alijifunza kwake. Nikampenda papo hapo. Mtu asipojisifu mwenyewe atamwachia nani kazi hiyo?

Akafungua mgongo wa saa, akanipa kioo chake nichungulie. Jamani! Nimeliona Boma la Wajerumani. Nimeona malori mapya ya jeshi yakipita usiku na mchana. Sijaona kitu kama kile. Magurudumu madogo kuliko punje za ulezi, kila moja likimsukuma mwenzake bila ugomvi, na katikati uzi wa chuma mwembamba ukijikunja na kujikunjua. Nusura nivue kofia. Kijiji kizima cha ujamaa mle ndani, na hakuna mtega kazi hata mmoja!

Adelfina akaniambia kuna kazi mbili za kulipia. Ya ndani: kuifungua yote, kuosha kila gurudumu kwa petroli, kutia mafuta yake maalumu tone kwa tone, na kubadilisha mpira wa mgongoni unaozuia maji. Ya nje: kusugua kasha ling'ae, kuweka kioo kipya, kupaka uso rangi upya. Akasema nilichokileta kinatosha kazi moja, hakitoshi mbili. Na kama nina akili nilipie ndani, nje nisiguse kabisa. Kasha likisuguliwa linaliwa. Mikwaruzo ni umri wake, iachwe. Na lile jina la mtengenezaji pale usoni likishafunikwa na rangi halirudi tena, hata aliyeijua saa hii miaka yote hataitambua.

Nilimtazama kwa heshima kubwa. Werevu ulioje! Kwa nini anang'ang'ania nilipie ndani? Kwa sababu ndani hakuonekani! Atafunika mgongo, atapiga miayo, atamla jogoo wangu. Nani atajua kama tone lilitiwa au halikutiwa? Lakini safari hii amekutana na mimi. Nimeuza ng'ombe mnadani tangu ujana wangu. Mnunuzi anatazama ngozi, pembe na nundu. Sijawahi kuulizwa habari za maini.

Nikamwambia: nje. Yote. Adelfina akatoa kioo jichoni, akanitazama kwa macho yote mawili. Akauliza, rangi ikishapakwa, niandike jina gani hapo usoni? Nikasema ANATOLI, kwa herufi kubwa. Alicheka mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine yake. Ni watu wachache wanaoweza kushindwa kwa furaha namna ile. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 10 Machi

Tatizo dogo. Saa iko kwa fundi, na jogoo yuko kwa fundi. Jogoo ndiye aliyekuwa akiniamsha. Hili halikuwamo katika mpango.

Jana nimepiga rimu kwa kukisia. Sitaandika matokeo.

Leo alfajiri nimepita kwa Ndassa. Sikwenda kuuliza saa! Nimekwenda kumsalimia mama yake, Mama Kwandu. Mtoto mwenye adabu anaamkia wazee. Yule mama aliitikia, "Marahaba mwanangu, mwangaluka," ndiyo salamu ya kwao ya asubuhi, akanipa kata ya maziwa mgando, mazito, baridi, ambayo Mungu mwenyewe angeomba nyongeza. Nilipokuwa nalamba midomo redio ikataja saa. Nikaaga, nikakimbia, nikapiga rimu. Watu wote wamesema leo imelia sawasawa. Ndassa naye amekubali kwa kichwa, bila kujua kwamba ni redio yake iliyolia.

Nimeona pia jambo la kutia moyo. Betri zimeadimika tangu vita ianze. Ndassa anazianika zake juu ya bati zipate jua, halafu anaziuma kwa meno, halafu anazirudisha. Redio inakohoa kidogo kisha inasema. Namna hii ya kutokata tamaa naiheshimu sana. Naomba mvua inyeshe.

Jumanne, 13 Machi

Nimeichukua. Ah! Sijui niandike nini.

Kioo kinaonyesha pua yangu na mawingu yaliyo nyuma ya pua yangu. Kasha linachoma macho. Na pale usoni, ANATOLI, herufi nyeusi, zimenyooka kama kwenye mlango wa ofisi. Adelfina ana mkono wa malaika, hata nikizingatia kwamba alitaka kunipunja. Aliniambia mbele ya wateja wake kwamba nje amefanya yote niliyotaka, ndani hajagusa, na ndani ni mgonjwa. Akasema mpira wa mgongoni umepasuka, nisiipeleke mvuani. Nikamwambia nimesikia, na kweli nilikuwa nimesikia.

Njiani nimesimamishwa na kila mtu. Mzee mmoja aliomba kuigusa, akafuta kidole chake kwenye kanzu kwanza. Kilabuni nimenyoosha mkono kuchukua pombe ya ndizi mara nyingi kuliko nilivyokuwa na kiu. Ndassa pia alikuja kutazama. Alitazama muda mrefu, akaguna, akasema kwa kweli amekubali, hii ni mali. Mpinzani anayeweza kusema hivyo ni mtu mkubwa. Nimemnunulia kata moja.

Saa bado inachelewa. Lakini sasa inachelewa kwa heshima.

Alhamisi, 15 Machi

Mvua. Ile niliyoiomba. Imenyesha tangu jana mchana bila kupumzika, na imenikuta barabarani bila mwavuli, mkono ukiwa nje ya koti ili watu waone.

Saa inatoka jasho. Ndani ya kioo kipya kuna ukungu, halafu matone, halafu tone moja kubwa lililokaa juu ya herufi N kama bata bwawani. Nimeiweka karibu na moto. Nimeipuliza. Nimeizika ndani ya debe la mtama. Bonifasia ameiweka sikioni, akatikisa kichwa. Haitembei.

Sikulala chali nikilia. Kwanza niliifunika kitambaa, nakiri. Kisha nikakumbuka: ng'ombe amekufa kabla hajamaliza mwaka! Sheria iko upande wangu. Nimemtumia Emilian habari huko Nyabusozi aje kesho, msiba umeingia.

Ijumaa, 16 Machi

Emilian amekuja. Mvulana mzuri, mpole, viatu vyake alivivua mlangoni. Nilikuwa nimewaita wazee walewale waliokubali saa wakati ule, na Mama alikaa pembeni ya mlango na kisonzo chake, kikapu kidogo alichokuwa akisuka.

Emilian hakuipinga sheria. Alisema ng'ombe akifa mapema atalipa, hata kesho, aonyeshwe ngozi tu. Nikampa saa kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba ng'ombe wake alikuwa na kovu ubavuni, alipobanwa na mlango wa gari la Mbelgiji. Huyu hana kovu. Ng'ombe wake alikuwa na chapa ya Uswisi. Huyu ana chapa ya Anatoli. Akawauliza wazee: mtu anayefuta chapa ya ng'ombe akaweka yake, katika nchi hii anaitwa nani? Mzee mmoja akajibu haraka kuliko ilivyohitajika.

Nikaeleza kuhusu kusugua. Nikaeleza kuhusu rangi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazamana. Mama akaweka kisonzo chini, akaniuliza nimemuuza ng'ombe wake kwa nani.

Hoja ya Emilian ilikuwa safi, haina hata ufa. Siku nikipelekwa barazani nitamwomba yeye anisemee. Lakini Mama hakula jioni, akageukia ukutani, na hilo limeniuma kuliko yote. Na kesho ni siku ya Bwana Shamba.

Jumamosi, 17 Machi

Nimejifunza kwamba serikali haithamini bidii.

Saa imekufa. Nilikwenda kwa Mama Kwandu kuamkia, nikakuta redio nayo kimya. Betri hazijaona jua tangu Jumatano. Mama Kwandu akanipa maziwa, akaniambia pole. Nje giza na mvua. Nikasema moyoni: kosa langu la kwanza lilikuwa kuchelewa. Dawa ya kuchelewa ni kuwahi. Nikaenda nikapiga rimu kwa nguvu zangu zote.

Watu wakaja! Hicho ndicho ninachowapendea watu wetu. Walikuja gizani na majembe, wamejifunika magunia, kina mama wamebeba watoto, wakakaa chini ya migomba kusubiri kuche. Hakukuchwa wala hakukucha. Wakasubiri. Watoto wakalia. Mwishowe mmoja akasema Anatoli amekuwa kichaa, wakarudi nyumbani wote, wakalala tena, usingizi ule mzito wa mtu aliyelowa.

Bwana Shamba alifika saa moja barabara, na buti mpya. Akakuta shamba, maharage, Mzee Xavery na mimi.

Nikamweleza kwamba sisi tumeshakuja na tumeshaondoka. Hakuna kijiji kingine wilayani kinachoweza kusema hivyo! Akaomba kuona saa yangu. Aliishika kwa uangalifu, akakisifu kioo, akalisifu kasha, akasoma jina langu kwa sauti. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuona maiti iliyopambwa vizuri namna hii. Kisha akaandika kitu.

Mzee Xavery hakupaza sauti. Alisema tu kwamba Bartholomayo hajaandika barua tangu Januari, na kwamba alitaka shamba hili liwe mahali pamoja ambapo mambo yanakwenda sawa. Nilitamani ardhi inifunike. Akachukua chuma mkononi mwangu, akampelekea Ndassa.

Ndassa alikipokea bila kunicheka. Hata hapo alinishinda.

Jumatano, 21 Machi

Siku tatu za jembe. Viganja vya askofu vimekwisha. Malengelenge manne mkono wa kulia, na moja limepasuka.

Nimewekwa mstari mmoja na Bonifasia. Sikuwa nimewahi kumtazama mke wangu akilima. Anakwenda kama anayeandika, mstari umenyooka, mgongo hauinuki, na bado anasimulia habari na mwenzake. Alinimalizia sehemu yangu mara mbili. Nilisimama kumshangaa mpaka msimamizi akanikumbusha kazi.

Lakini kuna tumaini! Betri za Ndassa zimefika mwisho. Anaziuma mpaka meno yanauma, redio inasema nusu ya neno na kuzimia. Jana rimu imelia wakati tunakula mchana. Mzee Xavery ameniita kando. Amesema saa yangu ikipona kabla ya Pasaka, itembee kweli, chuma kitarudi kwangu. Mtu asiyeweka kinyongo! Nimembusu mkono.

Tatizo ni malipo. Jogoo ameliwa, asali imelambwa, maharage yamekwenda.

Leo jioni Bonifasia amefungua sanduku lake. Ana kitenge kimoja kipya, alikipata duka la ushirika baada ya kusimama foleni kutwa nzima, akakiweka cha kuvaa Pasaka. Amekileta kimekunjwa, akakiweka magotini mwangu. Akasema, "Baba Secilia, nenda ukalipie ndani. Ukifika kwa fundi usiseme neno lingine. Sema ndani."

Nilitaka kulia. Nimelia kidogo.

Jumamosi, 24 Machi

Nimefika kwa Adelfina asubuhi, nikasema shikamoo. Akaipokea saa, akaifungua, akatukana kwa dakika nzima. Kutu imeanza, akasema, lakini bado hajashindwa. Akakikunjua kitenge, akakipima kwa mikono, akakiweka juu ya meza. Kinatosha. Ataosha, atatia mafuta, ataweka mpira mpya, na saa itatembea kabla ya Jumapili ya Matawi. Akauliza: ndani, sivyo?

Nikafungua mdomo.

Na pale nyuma ya kichwa chake, kwenye msumari, ulikuwa umening'inia mkanda. Wa chuma. Rangi ya dhahabu. Umeletwa na mfanyabiashara wa Bukoba, akasema, na ni mmoja tu. Jua lilitoka wakati huohuo, kama lililoitwa.

Nikafikiri kwa utulivu. Sikukurupuka. Kutu imeshaingia, kilichoharibika kinaweza kungoja. Mzee Xavery hataiweka saa sikioni mwake, ni mtu wa heshima. Betri za Ndassa zinakufa wiki hii au ijayo. Siku rimu itakapokosa mtu, macho ya kijiji yatamtafuta nani? Yatakwenda kwenye mkono unaong'aa. Na Mama je? Akiona dhahabu, ataamini kwamba ng'ombe wake hajauzwa, bali amenenepa. Nikasema: mkanda.

Adelfina safari hii hakucheka. Aliuliza kitenge ni cha nani. Nikamwambia cha mke wangu. Akaufunga mkanda mwenyewe na hakudai chochote kwa kazi hiyo. Mkali, lakini mkarimu.

Nimefika nyumbani kabla ya jioni, mkono mbele. Bonifasia aliifungua saa mkononi mwangu, akaiweka sikioni. Akakaa nayo hapo muda mrefu. Nikamwambia atazame, asisikilize. Akanirudishia. Akageuka akatoka; nadhani furaha imemzidi. Sasa yuko nje, nasikia jiwe likipita juu ya chuma, ananoa jembe langu. Sikumwomba! Amekumbuka mwenyewe kwamba Jumatatu nina kazi. Wanaume wengine wameoa tu, mimi nimepewa.